Voetstoots si kinga ya mwongo

Kuna kauli moja inayowaliza wanunuzi wa magari Johannesburg. Utaisikia Yeoville, Rosettenville na Mayfair, popote pale Watanzania, Wakenya na Wakongo wanapouziana magari mkononi bila kupitia yadi za Jules Street. Gari limezungushwa mtaa mmoja, bei imeshuka kidogo, hela zimehesabiwa, funguo zimekabidhiwa. Wiki mbili baadaye injini inachemsha. Mnunuzi akipiga simu, jibu ni lile lile: "Kaka, ulilikagua mwenyewe, ukasaini voetstoots. Mali ikishauzwa hairudi."

Voetstoots ni kuuza kitu kama kilivyo, pamoja na kasoro zake. Sharti hilo huandikwa hata kwenye karatasi zinazosainiwa juu ya boneti, na kwa watu wetu limekuwa hirizi: ukishalivaa, hakuna risasi inayopenya. Wauzaji si peke yao katika imani hiyo. Wazee wanaoitwa kusuluhisha ugomvi wanaiamini, mafundi wanaiamini, na baya zaidi, wanunuzi wenyewe wanaiamini. Ndiyo maana wengi hukata simu, hulaani, kisha humlipa fundi kutoka mfukoni mwao.

Naupinga msimamo huu. Sidai kwamba muuzaji wa gari lililotumika awe mdhamini wake mpaka kiama. Ninachosema ni kwamba Afrika Kusini mtu binafsi anayeuza gari lake huanza akiwa amebeba dhamana ya kasoro zilizofichika. Voetstoots humtua mzigo wa yale asiyoyajua. Anayejua, akaficha ili auze, hana kinga hata kidogo.

Kosa letu tumelibeba kutoka nyumbani. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, na ile ya Tanzania, Sura ya 214, zote zilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Katika utaratibu huo, sharti la ubora linamkaba zaidi yule ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Mwalimu wa Morogoro anayeuza gari lake moja si mfanyabiashara wa magari, hivyo asipotoa ahadi yoyote wala kudanganya, mnunuzi ndiye anayetakiwa kufungua macho. Ukichanganya na yale mabango ya madukani yanayosema mali ikishauzwa hairudishwi, unapata mtu anayevuka mto Limpopo akiwa na hakika kwamba dunia nzima inakwenda hivyo.

Ndugu zetu wa Lubumbashi, Bukavu na Goma hawana hata udhuru huo. Kwao Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, iliyofuata mkondo wa sheria za Ubelgiji na Ufaransa, inamfanya muuzaji kuwa mdhamini wa kasoro zilizojificha. Wanapotuambia kwamba mali ikishauzwa hairudi, wanaikana sheria ya kwao kabla hawajaikana ya Afrika Kusini.

Na hapa Afrika Kusini, sheria ya mauzo kwa sehemu kubwa haikutoka London. Ilitoka Roma, ikapitia Uholanzi, ikaletwa Cape na Waholanzi waliofika mwaka 1652. Huko Roma maofisa waliosimamia masoko walichoshwa na wauzaji wa watumwa na wanyama walioficha maradhi na tabia za walichokiuza, wakatoa amri kwamba muuzaji atawajibika hata kama hakujua. Ni historia chungu kwetu sisi wa pwani iliyojua masoko ya watumwa, lakini kanuni iliyobaki inamlinda leo yeyote anayenunua mali ya mwenzake. Nayo haiulizi kama muuzaji ana duka au hana.

Mahakama ya Rufani iliieleza kasoro ya aina hiyo mwaka 1977, katika shauri la Holmerdene Brickworks dhidi ya Roberts Construction: ni hali isiyo ya kawaida inayoharibu au kupunguza sana manufaa ya kitu kwa kazi kilichonunuliwa kuifanya, na imefichika ikiwa mnunuzi hawezi kuiona kwa ukaguzi wa kawaida. Gari likiwa na kasoro ya namna hiyo siku ya kuuzwa, mnunuzi ana njia mbili. Kasoro ikiwa kubwa kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu asingelinunua kama angeijua, anaweza kulirudisha na kudai fedha zake. La sivyo, anaweza kubaki nalo na kudai tofauti kati ya bei aliyolipa na thamani halisi ya gari siku ile. Karatasi ikikaa kimya, isitaje voetstoots wala jambo jingine lolote, ukimya huo unamwelemea muuzaji.

Voetstoots basi ni ruhusa ya kujivua wajibu huo kwa makubaliano, na ruhusa hiyo ina mpaka. Mpaka wenyewe uliwekwa bayana katika shauri la Van der Merwe dhidi ya Meades, lililoripotiwa mwaka 1991: kinga inaanguka mnunuzi akithibitisha mambo mawili, kwamba muuzaji aliijua kasoro wakati wa mkataba, na kwamba aliificha kwa nia ya kumlaghai. Mahakama Kuu ya Rufani ikairudia kanuni hiyo katika shauri la Odendaal dhidi ya Ferraris, lililoripotiwa mwaka 2009. Mashauri haya hayampi mnunuzi mteremko, kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha ni wake. Lakini hakuna hata moja linaloruhusu mtu ajue, afiche, kisha ajikinge kwa neno moja.

Tuchukue mfano wa aina ambayo mafundi wa mjini humu wanaijua vizuri. Mtu ana Corolla inayokula maji. Fundi ameshamwambia kwamba gasketi imeungua na silinda hedi imepinda, na kazi nzima itagharimu randi 18,000. Badala ya kutengeneza, anamimina dawa ya kuziba uvujaji kwenye radieta. Anafuta lile povu la rangi ya chai ya maziwa lililoganda chini ya kifuniko cha oili, dalili kwamba maji na oili vimekutana. Anaizima taa ya injini kwa kifaa cha kusomea hitilafu. Asubuhi ya mauziano anawasha gari saa nzima kabla mnunuzi hajafika, ili asilisikie linavyowaka likiwa la baridi. Kisha wanasaini: voetstoots. Mnunuzi anashika barabara ya N1 kwenda kaskazini, na kabla hajafika Polokwane mshale wa joto umegonga wekundu.

Msimamo ninaoupinga unasema hapa hakuna kesi, kwa sababu mnunuzi alifungua boneti akaangalia. Aliangalia nini? Aliangalia kile alichoandaliwa kukiona. Yule mwenye gari alifanya kazi ya asubuhi nzima kuhakikisha ukaguzi hauoni kitu. Kila hatua aliyochukua ni ushahidi kwamba alijua, kwa maana asiyejua gari lake linachemsha hamimini dawa kwenye radieta. Huyu atadaiwa bei au tofauti ya thamani, na kwa kuwa ni ulaghai, atadaiwa pia hasara iliyofuata, kama gharama za kulivuta gari kutoka barabarani. Ulaghai wenyewe ni kosa la jinai.

Watetezi wa "mali ikishauzwa hairudi" wana hoja wanayoipenda zaidi: Sheria ya Kumlinda Mlaji, Namba 68 ya mwaka 2008, haimhusu mtu binafsi. Ni kweli. Sheria hiyo inampa mnunuzi miezi sita ya kurudisha bidhaa mbovu au kudai itengenezwe, lakini inashughulika na mauzo yanayofanyika katika mwenendo wa kawaida wa biashara. Msuluhishi wa sekta ya magari naye husikiliza malalamiko dhidi ya wafanyabiashara wa sekta hiyo, si dhidi ya jirani yako. Hadi hapo tuko pamoja. Tunaachana pale wanaporuka kutoka "sheria hiyo hainihusu" hadi "hakuna sheria inayonihusu". Sheria ya mwaka 2008 ilimwongezea ulinzi anayenunua kwa mfanyabiashara, wala haikumpokonya anayenunua kwa mtu binafsi ulinzi aliokuwa nao karne nyingi kabla yake.

Tena wako wanaojiita binafsi na sivyo walivyo. Mtu ananunua magari yaliyogongwa kwenye mnada, anayanyoosha bodi na kuyapiga rangi uani, mwezi huu anauza moja, mwezi ujao jingine, kila mara akisema ni gari la shemeji yake anayehama. Kutokuwa na yadi wala leseni hakumfanyi awe raia anayeuza gari lake la familia. Hiyo ni biashara, na anaweza kukuta miezi sita ya sheria ya walaji ikimsubiri. Baadhi ya magari hayo, baada ya kuhesabiwa na bima kuwa yameharibika na kisha kujengwa upya, husajiliwa kwa daraja la Code 3. Anayelijua hilo, akamwonyesha mnunuzi kopi iliyofifia ya cheti huku akiapa kwamba gari halijawahi kugongwa, amejifunga kwa ulimi wake mwenyewe.

Ulimi huo unastahili aya yake. Hata bila nia mbaya, maneno ya muuzaji kuhusu sifa muhimu za gari humfunga yanapovuka mipaka ya kusifia tu. "Gari zuri hili, utalifurahia" ni sifa ya sokoni, haina kesi. "Injini ilifunguliwa mwaka jana ikawekwa pistoni mpya", "kilomita hizi ni za kweli", "ni la mwaka 2014", hayo ni maelezo ambayo mtu anayategemea anapotoa fedha. Tangu shauri la Phame dhidi ya Paizes la mwaka 1973, maelezo ya namna hiyo yakiwa ya uongo, mnunuzi anaweza kudai apunguziwe bei hata kama msemaji aliyaamini. Katika shauri la Janse van Rensburg dhidi ya Grieve Trust, lililoripotiwa mwaka 2000, mteja alitoa gari lake kama sehemu ya malipo ya gari jingine akitaja kimakosa mwaka wa toleo lake, bila hila yoyote. Mahakama ya Cape ilikubali kwamba mfanyabiashara alistahili nafuu. Hapo aliyebanwa ni mwananchi wa kawaida, na aliyelindwa ni mwenye duka! Wanaosema kwamba sheria humbana mfanyabiashara peke yake wana la kujibu.

Hoja nyingine ni ya muuzaji asiye fundi. "Mimi ni dereva tu, nitajuaje ya ndani ya giaboksi?" Hoja hii ina haki yake, na sheria imeshaipa. Kama hujui, na umeandika voetstoots, umelindwa. Giaboksi ikifa mwezi mmoja baadaye bila wewe kuwahi kuhisi chochote, hiyo ni bahati mbaya ya mnunuzi. Hakuna anayekutaka uwe fundi. Unatakiwa useme unayoyajua, na mtu aliyeendesha gari miaka minne anajua linapokataa kuingia gia ya pili asubuhi. Kutokujua kwa kujitakia, kwa kukataa kumsikiliza fundi ili usije ukalazimika kusema, ni jambo ambalo hakimu yeyote mwenye akili atalihoji.

Kisha inaletwa hoja ya bei: aliyenunua rahisi ameshalipwa fidia yake. Ingekuwa kweli kama bei ingekuwa imeshuka kwa sababu ya kasoro. Lakini kasoro iliyofichwa haiwezi kushusha bei, kwa kuwa mmoja wa wapatanaji hajui kama ipo. Kuficha kwenyewe lengo lake ni bei isishuke. Mtu akiambiwa "gasketi imekwisha, ndiyo maana nauza kwa randi 45,000 badala ya 65,000", akakubali, hapo kweli amenunua kasoro yake macho yakiwa wazi na hana cha kudai. Asiyeambiwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wengine hukimbilia cheti cha ukaguzi wa usalama barabarani, kile kinachohitajika gari linapobadilishwa jina. Gari limepita kituoni, la nini tena? Cheti hicho kinahusu breki, taa, matairi, usukani na mengine ya usalama, kwa hali iliyoonekana siku ya ukaguzi. Hakifungui injini wala giaboksi. Kukifanya ushahidi wa afya ya injini ni kumtumia mkaguzi wa serikali kama shahidi wa jambo ambalo hakuliangalia.

Hoja yao ya mwisho ndiyo yenye nguvu zaidi, maana inakubali kwamba sheria ipo na kusema haina meno: nani atathibitisha kwamba nilijua? Ni kweli, kuna kesi zitakazoanguka kwa kukosa ushahidi. Lakini hii ni kesi ya madai. Hakimu hahitaji uhakika usio na shaka, anapima upande upi unaelekea zaidi kuwa wa kweli. Siku hizi kila kitu kinaacha alama. Fundi alituma picha ya hedi iliyopinda kwa WhatsApp. Duka la vipuri lina risiti. Gereji ina ankara yenye namba ya gari na tarehe. Na fundi aliyepewa kazi ya kufunika kasoro, halafu akadhulumiwa malipo yake, huwa shahidi mwepesi sana.

Njia ya haki nayo si ndefu kama tunavyotishana. Mahakama ya Madai Madogo, tangu Aprili 2019, husikiliza madai yasiyozidi randi 20,000. Mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu humo. Mdai humwandikia mdaiwa barua na kumpa siku 14, asipolipa anafungua shauri, kila mmoja anajieleza mwenyewe mbele ya kamishna, na uamuzi hauna rufaa. Gasketi na hedi ya randi 18,000 inaingia humo kabisa. Anayedai zaidi kidogo anaweza kuachia kinachozidi ili abaki hapo, na anayetaka kurudisha gari zima la makumi ya maelfu ana mahakama ya hakimu. Dai lenyewe kwa kawaida hufa baada ya miaka mitatu, basi anayelala alale akijua hilo.

Simpambi mnunuzi. Ana wajibu wake, na wengi huupuuza. Kasoro iliyo wazi, kama tairi zilizokwisha au mlango uliobonyea, hawezi kuilalamikia baadaye. Uchakavu wa kawaida wa gari lililotembea kilomita 250,000 si kasoro, ni umri. Akigundua tatizo anatakiwa amwarifu muuzaji mapema, aache kulitumia gari kama anataka kulirudisha, na asitupe vipuri vilivyotolewa kabla havijaonwa na mtu wa pili. Anayelikimbiza gari miezi minane likiwa linachemsha, kisha akadai bei yote, anaipoteza haki yake mwenyewe. Na anayenunua usiku chini ya taa ya mtaa, bila fundi, kwa sababu muuzaji ni wa kabila lake, ametafuta maneno.

Lakini tusijifiche nyuma ya uzembe wa mnunuzi kuhalalisha hila ya muuzaji. Jamii yetu haikuhitaji kusubiri Waroma kuambiwa haya. Waislamu wa pwani wanajua kisa cha Mtume alipopita sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini kumelowa wakati juu kumekauka, akamkemea mwenye mali kwa kutoiweka iliyolowa juu, pale ambapo watu wangeiona. Fikihi inampa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu akigundua aibu iliyokuwepo kabla ya mauzo. Wengi wa wanaouziana magari Mayfair na Fordsburg wanaswali swala tano. Wanapomwambia mwenzao kwamba karatasi imefuta ghushi, wanaipa karatasi uwezo ambao dini yao haikuipa na sheria ya nchi wanayoishi haikuipa pia.

Yako pia maslahi ya muuzaji mwema, ambayo hayatajwi kamwe. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika na kuonyesha kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya katikati kwa yote. Wenye magari mazima huona wanapunjwa, wanajitoa, na mabovu ndiyo yanayobaki sokoni. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hiyo. Wanaotuonya kwamba muuzaji akiwajibishwa hakuna mtu atakayeuza gari wamelishika jambo kichwa chini. Uongo usioadhibiwa ndio unaomfukuza mwenye gari zuri. Leo ukiuza gari zima Yeoville, unapewa bei ya mtu anayedhaniwa kuwa mwongo.

Wazee na viongozi wa vyama vyetu wanaoitwa kusuluhisha kesi hizi wana kazi ya kufanya. Waache kuuliza kwanza, "Ulisaini?" Waulize, "Ulijua nini siku ile, na ulimwambia nini?" Na anayeuza gari lake kesho achukue karatasi ile ile ya voetstoots, aandike chini yake kila anachokijua: linakula oili, feni ya radieta imebadilishwa, liligongwa nyuma mwaka juzi likanyooshwa. Mnunuzi asome, asaini, kila mtu abaki na nakala. Aliyeambiwa hawezi kudai kwamba alifichwa. Bei itashuka kidogo, naam, na fedha hizo zinazopungua hazikuwa zako, zilikuwa za mtu uliyetaka kumdanganya.